Chomoa Mzee Kwanza

Kavira,

Salamu nitakupa kwa mdomo kesho asubuhi mlangoni, kwa hiyo sipotezi wino hapa. Sasa hivi uko kwa mama wa kusuka, kichwa kinakuuma na unajifanya hakikuumi. Courant imerudi, taa zinawaka, wateja wamejaza simu zao kwenye matundu ya multiprise na wananung'unika kwamba haziingizi haraka, na mimi niko nyuma ya kaunta naandika kama mtu anayepiga hesabu. Ukiingia kabla sijamaliza nitasukuma karatasi chini ya kitambaa, na wewe usiulize kitu.

Mambo ya neti ya mbu, ya kuchemsha maji, ya misa ya Jumapili, ya kutokula kila wanachouza kandokando ya mto, tantine wako wa Kinshasa atakuambia mpaka masikio yachoke. Yule mwanamke amezaliwa kwa kusema. Mimi nina jambo moja tu. Nitaliandika lote, hata yale unayoyajua, kwa sababu unayajua ukiwa umesimama karibu yangu. Ukifika mji ule ambao kila mtu anapiga kelele, sijui utakumbuka nini.

Mzee hatamaliza mwaka. Tangu jana ana joto hata huwezi kumwekea mkono, nampepea na kipande cha katoni kama mgonjwa. Ni ruta tu, bati na nyaya, lakini nimekaa naye miaka mingi kuliko niliyokaa na marehemu baba yako, na yeye hajawahi kuniuliza chakula kiko wapi. Yeye ndiye anayeunganisha mitandao yetu miwili: huu wa duka, ambao wanafunzi wanavutia filamu zao, na ule wa maternité, nyumba ya kuzalishia kule Tshopo, ambao tuliutenga ili filamu za watu zisimzibe mkunga sauti. Antena moja juu ya bati letu hapa Makiso, nyingine juu ya bati lao, na simu ya daktari iko upande wetu, hapa hapa kwenye kaunta, maana yeye anakaa jirani. Kampuni za simu zikikatika, na katika vita hii zinakatika kila mara wakubwa wakishikwa na woga, Mama Asha, mkunga wao, anabonyeza tu na daktari anasikia. Bila Mzee, kila mtandao unakaa kwake, haujui kama mwenzake yuko hai.

Mzee akifa bila mrithi, Mama Asha atarudi kwenye kutuma mtu na baiskeli. Unajua hiyo inatoa nini. Basi mrithi utamtafuta wewe.

Barabara ya Goma hatuna tena. Ya Bunia leo inapitika, kesho hapana, na anayekuambia vingine anataka kukuuzia nafasi kwenye lori lake. Kilichobaki ni mto. Kinshasa kuna watu wanaouza vyombo vilivyotolewa kwenye ofisi zilizofungwa, swichi, yale masanduku ya kuunganishia kamba za kompyuta, zimepangwa chini kama matofali, na kati ya hizo ziko zinazoweza kufanya kazi ya Mzee. Mpya hatuwezi, usijisumbue hata kuziangalia. Utachagua moja, utaipandisha kwenye balenieri, mashua ya mbao ya mizigo, itapanda mto wiki na wiki, halafu itafika kwangu. Nikiiwasha ikaniambia hapana, hakuna kuirudisha. Ndiyo maana naandika.

Kumbuka ile swichi yetu ya mwaka jana. Sikuombi tuilie tena, nataka uikumbuke sawasawa.

Jina la yule muuzaji sitaliandika, karatasi hii ni safi. Alituambia, "Mama, hii iko manageable, iko na VLAN, inafanya yote. Likambo te." Aliposema likambo te ningesimama na kutoka, maana mtu anayekuambia hakuna shida kabla hujauliza, shida anaijua. Lakini ilikuwa na matundu mengi, ilikuwa nzito, taa zake zilikuwa nzuri. Tukaileta hapa, tukaweka kompyuta moja upande wa duka na nyingine upande wa maternité, ukaita kutoka huku, na kule ikajibu. Ulicheka. Nikacheka. Siku ile tulikula lituma ya ndizi na samaki mzima, na nikawaambia watu wote wa avenue kwamba Mzee sasa anaingia kwenye pensheni.

Na Mzee alikuwa kwenye kona, taa zake zinawaka.

Hapa kwetu hakuna anayechomoa Mzee courant ikiwepo. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, lakini hata mwizi angeiheshimu. Kamba yake iko chini kabisa ya multiprise, juu yake zinaning'inia simu za nusu ya avenue, ukiigusa tu mtu analia kwamba umemkatia. Courant ya barrage ya mtoni ikikubali kuja, unaiacha ifanye kazi yake, hauigusi. Kwa hiyo hata siku ya kujaribu hatukuichomoa. Zile kompyuta mbili zilichukua anwani zao kwa Mzee, kama kila siku. Mlango wa kutokea zilipewa Mzee, kama kila siku. Swichi mpya ilikuwa kama kamba ya kupitia tu, na Mzee kule kwenye kona ndiye aliyefanya kazi yote kimyakimya. Tukamsifu mgeni kwa jasho la mwenyeji.

Halafu ikaja ile siku watu walipokimbia kutoka upande wa Simi-Simi wakisema wamesikia milio ya risasi. Courant ikaenda. Simu za kampuni zikaenda. Nilikuwa na batri moja imebaki, nikasema, huyu Mzee anakula bure, mgeni yuko. Nikamchomoa. Nilimchomoa kwa mkono huu huu unaoandika, na nilijiona mwenye akili.

Papa Losala alifika jioni na toleka yake ya kubebea watu, ametumwa na Mama Asha, jicho moja limevimba. Askari walimpiga makofi pale kwenye barrière yao kwa sababu alitaka kupita mbio. Alisimama mlangoni, hata hakushuka kwenye baiskeli.

"Mama, mukunga anaita docteur tangu muchana. Mbona hamujibu?"

Nikamwambia hakuna aliyeita. Nikamwonyesha hata taa za swichi mpya, zote zinawaka kijani, naapa nilimwonyesha taa. Daktari akatoka kwake, akapanda nyuma yake, wakaenda. Wewe ulibaki unaangalia kona.

"Mama, Mzee iko wapi?"

"Nimemuzima, anakula batri."

"Mama. Murudishe."

Nilimrudisha. Alichukua muda wake wa kuamka, unajua anavyoamka, na mara sauti ya Mama Asha ikatoka kwenye simu ya daktari, "Allô? Allô?" kama mtu aliyekuwa anasema peke yake muda wote huo. Yule mama aliyekuwa anajifungua alipona. Mtoto wake hakupona. Naliandika hivyo kwa sababu ndivyo lilivyokuwa, na wewe usije kumwambia mtu vingine ili kunilinda.

Muuzaji nilimfuata. Aliniambia, "Mama, ulijaribu wewe mwenyewe, ilipita mbele ya macho yako." Na kweli ilipita. Watu wa avenue wakasema ningebaki na vitenge vyangu kama dada zangu, wanawake wa Butembo wanajua kupima kitambaa, mambo ya mashini wawaachie wenye nayo. Tonton wako Paluku akapiga simu kutoka Kinshasa, aliposhika mtandao: "Yaya, dada yangu, funga ile duka. Shuka huku na mutoto. Vita itafika, na wewe uko unachezea kamba."

Nilienda matanga. Watu walidhani sitaenda. Nilibeba mchele na mafuta, nikakaa chini pamoja na wamama, na baba wa mtoto akaja kusimama mbele yangu. "Iko wewe ya mashini?" Nikasema ni mimi. Nilidhani atanitukana na nilikuwa tayari. Mke wake ndiye aliyesema, kutoka kwenye mkeka, bila kunyanyua kichwa. "Usizime tena." Ni maneno hayo tu. Sijawahi kukuambia mpaka leo.

Basi sikufunga duka. Sitalifunga. Paluku ni kaka yangu na ninampenda, na anakulipia shule, Mungu amwongeze, lakini ana woga wa mtu anayeangalia vita kwenye televisheni. Mimi nikiwa msichana nililala kifudifudi kwenye sementi kule Tshopo wakati majeshi ya nchi nyingine yalipigana juu ya vichwa vyetu, kana kwamba mji huu ni kuku waliyemkuta njiani. Walienda. Sisi tupo. Hawa pia wakija watanikuta hapa, wakitaka kuchaji simu watapanga mstari kama wengine.

Na wewe pia haukimbii. Watu wa kwenye beach, pale balenieri zinapofunga, watasema Mama Kavira amemtorosha binti. Waseme. Unaenda shule ya elektroniki kwa sababu ulipita mtihani wao, na ungeenda hata kama nchi nzima ingekuwa na amani.

Sasa sikiliza habari ya swichi.

Usisome jina la mbele ukaridhika. Bati moja linaweza kubeba programu mbili tofauti, moja ya wanyonge na moja inayojua njia, na kwa nje hata skrubu zinafanana. Herufi za mwisho za jina zinasaidia, zitafute, lakini nimeona wanaofungua mifuniko na kuibadilisha, na nimeona ofisi zilizofuta programu nzuri kabla ya kutupa. Neno manageable linasema tu kwamba unaweza kuongea nayo. VLAN inasema tu kwamba inajua kutenganisha. Kutenganisha kila mtu anajua, angalia nchi yetu. Wewe unatafuta inayojua kuvusha.

Kwa hiyo iulize yenyewe. Ndani ya begi lako, kwenye soksi nyeusi, nimeweka kamba yangu ya bluu ya kuongelea. Usiseme nimechanganyikiwa. Najua ni moja tu, najua mimi sasa siwezi kuongea na chombo chochote hapa mpaka irudi. Itarudi ndani ya katoni ya swichi, imefungwa juu. Muuzaji akikataa uichomeke, au akisema courant hakuna, au akisema password amesahau na hataki uifute, mwambie merci na uende kwa mwingine. Wako wengi. Ikiwaka, soma programu yake na ruhusa zake. Agiza ianze kupitisha njia. Ikikataa, usiitupe mara moja: ziko zinazokataa mpaka uzigawie kumbukumbu zake upya, uzizime, uziwashe. Fanya hivyo, kisha agiza tena. Ikikubali, iambie ikuonyeshe njia inazozijua, na uzione kwa macho yako mitandao yote miwili imeandikwa pale. Njia za kuandika kwa mkono zinatutosha, wasikuuzie ya bei ya juu kwa sababu inajifunza njia peke yake. Njia zetu ni fupi.

Halafu hifadhi, izime kabisa, hesabu pumzi zako, iwashe. Ziko zinazosahau.

Baada ya hapo ndipo jaribio lenyewe. Kompyuta mbili, mitandao miwili. Anwani uziandike mwenyewe kwa mkono, na mlango wa kutokea wa kila moja uwe swichi ile, si kitu kingine. Ruta ya muuzaji, ile iliyo ukutani kwake, ile anayosema haihusiki, ichomoe. Atalia. Wateja wake watalia. Chomoa. Angalia hata chini ya meza. Ukibaki na swichi na kompyuta mbili tu, ita. Isipojibu, kabla ya kuilaumu uzime ulinzi wa zile kompyuta, kuna kompyuta zinasikia na kunyamaza. Ikijibu na hakuna mwingine ndani ya chumba wa kuisaidia, ndiyo hiyo. Nunua, usigeuke nyuma.

Jambo lingine, nalo nalisema mara moja. Utafungua mdomo kule, watasikia Kiswahili chako, na kuna mtu atakuangalia na kuuliza, "Yo, ozali moto ya wapi?" wewe ni mtu wa wapi, kwa sauti ile. Siku hizi wanadhani kila anayesema Kiswahili ametumwa na adui. Lingala unaijua vizuri kuliko nusu yao, ungeweza kujificha ndani yake. Usijifiche. Sema Kisangani, sema Makiso, sema mama yako ni wa Butembo na baba yako amezikwa Tshopo, halafu nyamaza umwangalie mpaka aone haya. Akiwa na bunduki, hapo sawa, sema Lingala. Mimi ni mbishi, si mjinga.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo litakukasirisha.

Wiki iliyopita nilikutuma kwa yule muuzaji mwingine, ili nione kama utajua peke yako. Nilisema nitabaki mlangoni. Nilibaki mlangoni, kweli. Lakini uliuliza habari ya programu, na yule mwanaume akanijibu mimi. Ukamwambia awashe, akaniangalia mimi kama anangoja ruhusa, na mimi nikaitikia kwa kichwa. Ukasema hapana, haipitishi njia, na akaniuliza mimi, "Mama, ni kweli?" Nikasema ni kweli. Ulirudi nyumbani unaimba. Mimi sikuimba, nilikuwa nafikiri. Niliona tumefanya jaribio lile lile la mwaka jana. Nilikuwa kwenye kona, taa zangu zinawaka.

Kwa hiyo kesho sifiki beach.

Usinitafute kati ya watu, usiwaambie wangoje. Nitakusindikiza mpaka mlangoni, nitakupa hizo salamu, Papa Losala atakubeba na begi lako, na mimi nitageuka kufungua duka. Nikifika kule nitagombana na kapiteni juu ya nafasi yako, nitachagua utakaa karibu na nani, nitamkabidhi mama fulani akuangalie, na utafika Kinshasa ukiwa bado hujasema neno moja kwa ajili yako mwenyewe. Gombana naye wewe. Chagua wewe. Itaniuma, sisemi haitaniuma. Nitakuwa nimeshika kaunta hii kwa mikono miwili.

Na siku utakayosimama mbele ya zile swichi, usinipigie. Usinitumie picha ya lebo uniulize Mama unaonaje. Sitapokea, hata mtandao ukiwa mzuri. Nunua uliyoiona wewe. Ikiwa umekosea, nitainama kwenye kona kila siku kumpepea Mzee na tutafanya njia nyingine, na hutasikia kutoka kwangu yale niliyosikia mimi kutoka kwa watu wa avenue.

Lakini ikifika, nitafanya hivi. Nitamwita daktari aje asimame hapa. Nitawaambia wote wenye simu zao kwenye multiprise wazitoe, na wakilia walie. Nitainama mpaka chini kabisa na kumchomoa Mzee mimi mwenyewe, courant ikiwepo, mchana mweupe, kila mtu akiona. Kisha nitawasha ya kwako, nitabonyeza maternité, na kungoja.

Mama Asha akisema allô, nitajua ni wewe uliyejibu.

Nasikia sauti yako kwenye avenue. Umesukwa vibaya upande wa kushoto, naona kutoka hapa, na sitakuambia.

Mama yako, wa Makiso, ambaye hatoki.